Nilipiga Pasi Mwisho wa Kapteni

Mshauri wetu wa ukurasa wa kumi na mbili, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi nipokee hivyohivyo tu, maana leo sina nafasi ya kuhesabu miaka ya mtu, nina jambo limenikaa kooni wiki ya tatu sasa, nikinyamaza linanipanda na nikianza kulisema nacheka, na binti yangu amesema nikuandikie wewe kabla sijapasuka.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mjane wa mwaka wa sita, chumba changu cha kushonea kiko mbele na sebule iko nyuma yake, naishi na huyo binti yangu ambaye ni muuguzi. Ng'ambo ya barabara, dirisha kwa dirisha na langu, kuna fundi wa redio na televisheni, mtu mzima kama mimi, hakuwahi kuoa, mtaa mzima unamwita Antena. Mimi namwita fundi na yeye ananiita fundi, na kwa miaka mitatu mambo yetu yalikuwa ni hayo tu, umeamkaje fundi, salama fundi, kwako umeme umerudi fundi, bado fundi, kila mtu anaingia kwake anainama kwenye kazi yake.

Sasa miezi mitatu iliyopita namwona anavuka barabara amekumbatia boksi, meno yote nje, akaniambia amenunua kanda za video kwa familia ya karani mmoja mstaafu waliokuwa wanahama, na yule karani enzi zile alikuwa amerekodi kipindi chote cha Doria ya Sayari ya Tisa, kile cha Jumamosi tulipokuwa watoto, kanda kumi na mbili, kila moja ameiandika namba kwa wino na mwandiko wa kiofisi. "Fundi," akaniambia, "ile deki yako bado inafanya kazi?" Nikamwambia inafanya, aliinunua marehemu na mimi ndiye niliyeishonea kifuniko. "Basi Jumamosi saa tisa nije tuangalie?" Nikasema karibu, nikidhani ni kitu cha siku moja.

Mshauri, nilikuwa nimesahau! Kichwani mwangu nilikumbuka chombo kikubwa cha fedha kinakata anga, kumbe ni kopo la dawa ya mbu limening'inizwa kwa uzi, na uzi wenyewe ni ule mnene wa kushonea magunia, Kapteni akikanyaga kwa nguvu unatikisika. Mawe ya sayari ya mbali ukiyaegemea yanabonyea. Mitambo ya kuongozea chombo ni vifungo vya koti, vile vya matundu manne, vimegandishwa ubaoni, na rubani anavibonyeza amekunja uso mithili ya mtu anayemfanyia mwenzake upasuaji. Roboti wao anaitwa Bati, kifua karai, kichwa birika, na chini miguu ya mwanamume kavaa raba. Mfalme wa Matope, yule adui aliyenifanya nilale kwa mama mpaka darasa la nne, ana zipu mgongoni! Zipu ya sketi, inchi saba, tena imetiwa kombo! Na joho la Kapteni, lile joho tulilokuwa tunajifunga shuka kuliiga, ni pazia, naapa, lina utepe wa pazia shingoni na ndoana moja walisahau kuitoa. Macho haya yamekaa kwenye mishono miaka thelathini, hayadanganyiki.

Nikapiga kelele, "Fundi, simamisha!" Akasimamisha. Nikachukua chaki yangu ya kitambaa, nikaizungushia ile ndoana duara pale pale kwenye kioo cha televisheni. Fundi wa watu alicheka akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaiona tena ndoana, akavua tena. "Futa, fundi, futa, simwoni Kapteni!" Mpaka kipindi kinaisha kioo kimejaa duara nyeupe, na sisi wawili mbavu hatuna.

Basi ikawa kila Jumamosi saa tisa, kanda moja, vipindi viwili, chai katikati, wala haturuki hata matangazo ya sabuni ya zamani, tunayaimba. Ijumaa nikajikuta napiga pasi gauni la kukaa nalo sebuleni. Binti akiniona ananiuliza, "Mama, hivi Kapteni anakuona?" Namwambia ashike adabu yake, lakini uso unanisaliti.

Kwenye kanda ya tisa nikamuuliza kwa nini wanamwita Antena, nikidhani ni kwa sababu ya kazi. Akaniambia jina ni la tangu utoto. Alikuwa na miaka kumi na moja, mtaani kwao televisheni ilikuwa moja, na siku ya kipindi cha mwisho kabisa cha Kapteni picha ikawa inaruka, wakubwa wakampandisha yeye juu ya paa ashike antena kwa kuwa ndiye mwepesi, akishika picha inatulia, akiachia inaruka. "Hapohapo! Usitikisike!" Akakaa kule juu mkono umekufa ganzi, anasikia watu chini wanapiga mayowe, halafu wanacheka, halafu kimya, halafu mtu analia. Aliposhuka kila mtu akampa lake, huyu anasema Kapteni kafa, yule anasema kaoa, na dada yake analia tu hasemi kitu. Kipindi hakikurudiwa tena. "Miaka thelathini na tisa, fundi," akaniambia huku anacheka, "natengeneza televisheni za watu, na mpaka leo sijui Kapteni aliishia wapi." Nami, ambaye mwisho huo sikuwahi kuuona pia, nikacheka, kwa kuwa yeye alikuwa anacheka.

Jumamosi ya kanda ya kumi na moja, wakati wa kuaga, akasimama mlangoni, akakuna kichwa, akasema, "Wiki ijayo ndiyo ya mwisho. Tukimaliza, nina neno nataka kukuuliza." Halafu akavuka barabara bila kutazama, mwenye baiskeli akamtukana, na yeye akampungia mkono.

Mshauri, hapo ndipo nilipoharibikiwa. Kanda ya kumi na mbili alikuwa ameiacha kwangu juu ya deki. Jumapili nikaipita. Jumatatu nikaipita, nikaifuta vumbi ambalo halikuwepo. Jumanne nikaigeuza nikasoma mwandiko. Jumatano saa nne asubuhi, binti yuko zamu, mteja wa sketi hajaja, nikajiambia naweka dakika mbili tu nione kama inacheza vizuri nisije nikaaibika Jumamosi, na dakika mbili zikawa kanda nzima, mshauri, nimesimama katikati ya sebule na futi ya kupimia shingoni.

Chombo hakiwezi kuruka kwa uzito wa Bati. Sayari ni ya barafu, na barafu ni pamba ya kujazia mito, niliiona, sikucheka. Bati anaishiwa nguvu. Wanamwacha. Kapteni amefika mlangoni, anageuka, anarudi, anavua lile joho, anamfunika nalo Bati mpaka shingoni, halafu anakaa chini kando yake, na chombo kinaondoka bila yeye. Basi, imeisha hapo. Pazia lenye ndoana, na mimi nililia nikajifuta kwa sketi ya mteja.

Nikataka kuliona tena lile joho linavyoanguka, nikarudisha nyuma kidogo, deki ikasema krrrr, ikanyamaza, ikaimeza kanda. Nilipoufungua mlango wake, utepe umejikunja humo ndani marinda marinda. Nikauvuta polepole kwa kibanio, ukatoka mzima, ila umekunjamana kama nguo ya kutoka kwenye ndoo. Na sasa naomba unielewe, mkono wa fundi cherehani ukiona kitu kimekunjamana hausubiri kichwa kifikirie. Pasi ilikuwa iko moto. Niliishusha mpaka moto wa hariri, nikatandika kitambaa juu, nikanyunyiza na maji.

Binti aliporudi alinikuta nimekaa na wingu la moshi kichwani. Akatazama meza, akatazama deki, akatazama kile kitu cheusi kilichojiviringa, akasema taratibu, "Mama. Umepiga pasi kanda ya video?"

"Kwa moto wa hariri."

"Na maji umenyunyiza?"

"Kidogo."

Mtoto aliteleza na ukuta mpaka chini, mkoba bado begani, akacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba au kuna harusi.

Kilichoungua ni karibu pima moja, na pima hiyo ndiyo ile ya joho. Nimeulizia kila anayeuza kanda za zamani, hakuna mwenye kipindi hicho. Jumamosi ya kwanza nilimwambia fundi jino linaniuma, nikajifunga kitambaa taya zima, akaniletea dawa na supu kwenye chupa ya chai. Jumamosi ya pili nikasema nina magauni ya harusi hayajaisha, mwenzangu akaja akakaa mbele ya mashine yangu anisaidie kushona vifungo, akashona ishirini na sita, vyote upande usio wake, na baada ya kuondoka nilifumua kimoja kimoja huku najichukia. Jumamosi hii sina tena jino wala harusi. Nimefikiria nimwambie deki imeungua. Nimefikiria nimwambie kanda ilikuja na kasoro tangu kwa karani. Lakini anayejua Kapteni aliishia wapi ni mimi peke yangu mtaani kwetu, na lile neno analotaka kuniuliza nalitaka, mshauri, sioni haya kukuandikia, nalitaka, na ninaogopa akijua ataondoka nalo. Nimwambie nini?

Ni mimi, Mwenye Pasi.

JIBU

Mwenye Pasi, kwanza hakikisha hiyo pasi umeizima.

Nimecheka. Siwezi kukuficha, nilicheka mpaka mhariri akatoa kichwa ofisini kwake kuuliza kuna nini, nikamsomea pale penye maji ya kunyunyiza, naye akakaa kitako. Dada yangu, una barua tamu na una mkono wenye kiherehere. Lakini nilipofika pale juu ya paa nikaacha kucheka, na hapo ndipo nataka tuongee.

Unaniandikia kurasa nne kuhusu pasi. Pasi ni ajali. Utepe ulikunjamana, ukaunyoosha kwa unachokijua, ungekuwa seremala ungeupigilia misumari. Huyo mwanamume hataumia kwa sababu ya pasi. Ataumia kwa lile ulilolipitia haraka haraka: uliangalia bila yeye. Watu walishauangalia mwisho huo bila yeye mara moja, wakamweka juu ya paa awatulizie picha. Wewe umeuangalia bila yeye mara ya pili, na safari hii alikuwa ng'ambo ya barabara, ungefungua dirisha ukamwita angekuja na bisibisi mkononi. Hilo ndilo unalopaswa kumwomba radhi, na ulitaje kwa jina lake kabla hujagusa habari ya pasi, maana ukianza na pasi atacheka, ukimwona anacheka utajisahau, na radhi yenyewe haitaombwa tena.

Tena una tabia! Umenisimulia mimi mwisho wa Kapteni bila hata kuniuliza kama nimeuona. Sikuuona. Siku ile nilikuwa nimefungiwa ndani kwa kuvunja birika la shangazi, nimeishi na kiu hiyo maisha yangu yote, na wewe umeimaliza kwa mistari minne. Nakusamehe kwa sababu nimelia, lakini ujue namna unavyowashwa na siri, na ujue kwamba huyo fundi akikutazama usoni kwa dakika tatu Jumamosi hii utalipuka tu.

Habari ya kusema deki imeungua, nisikilize vizuri. Huyo mtu anakula kwa kazi gani? Tangu asubuhi mpaka jioni watu wanamletea redio iliyomwagikiwa uji, wanamwambia, "Sikuigusa, ilizima yenyewe." Anaifungua, anaona uji, ananyamaza, anatengeneza. Uongo wa aina hiyo anaujua kabla mtu hajafika mlangoni. Na wewe unataka uwe mteja mwingine? Ya jino na ya harusi nayo nina wasiwasi aliyajua. Mtu mwenye jino bovu haonekani anatafuna karanga dirishani, na nadhani wewe ulionekana, maana dirisha lako linatazamana na lake.

Halafu jibu hili wewe mwenyewe. Fundi wa televisheni anakosaje deki? Hebu chungulia dukani kwake uhesabu zilizopangwa kwenye rafu. Alikuwa na kanda zote kumi na mbili mkononi na deki za kumtosha, angejifungia akaumaliza ule mwisho usiku wa kwanza, baada ya kuusubiri kiasi hicho. Hakufanya. Alivuka barabara akaja kukaa wiki kumi na moja kwenye sebule yako, huku unamchafulia kioo kwa chaki. Wewe hukuweza kusubiri Jumatano ifike Jumamosi. Fikiria hilo, uone aibu kidogo, kisha tuendelee.

Sasa fanya hivi. Usikate chochote, usinyooshe tena, usigundishe. Chukua kanda na kile kipande kilichoungua, tia kwenye bahasha moja, uvuke leo hii hii mchana, wakati hana mteja. Kitambaa cha taya usivae. Mwambie, "Fundi, niliangalia bila wewe, nisamehe," halafu nyamaza. Najua kunyamaza kutakuua, nyamaza hivyohivyo. Akitaka kukasirika mwache akasirike, ana haki yake, na usimchekeshe ili apoe haraka. Akikwambia uondoke, ondoka, bahasha iache. Kipande kilichobaki atakiunga mwenyewe, kuunga kanda kwao ni kazi ndogo, na mtaangalia mpaka pale utepe unapoishia.

Pima iliyoungua utamsimulia wewe, siku atakayoitaka. Na hapo, Mwenye Pasi, ndipo sitaki ujidharau. Uliiona ndoana, uliona zipu ya inchi saba, uliona pamba ya kujazia mito. Hakuna mtu anayeweza kumwambia lile joho lilianguka vipi begani kwa Bati, lilikunjika wapi, Kapteni alilivuta mpaka wapi, kama wewe. Siku ile mtaani kwao kila mtu alimpa kipande na kukimbilia kwao. Wewe mkalishe kwenye kochi, zima televisheni, umpe yote, polepole, mpaka chombo kiondoke. Akitaka urudie, rudia.

Kuhusu lile neno lake, sina la kukufundisha, umeshaniandikia jibu mwenyewe bila haya. Nakuomba tu umwache amalize kuuliza kabla hujasema ndiyo.

Mwisho, jambo moja la haraka. Jibu hili nimekutumia kwa simu leo Jumanne, na gazeti linatoka Ijumaa alfajiri. Sikutaja jina lako, lakini niambie, mtaani kwenu kuna mafundi cherehani wangapi wanaotazamana na fundi wa televisheni anayeitwa Antena? Huyo bwana kila asubuhi hununua gazeti, la kusoma na la kutandika mezani chini ya redio za watu. Mhariri ameipenda barua yako, ameiweka juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi kubwa.

Vuka barabara, dada. Tazama kulia na kushoto, halafu vuka.